Visiki Vinavyochoma Watu Ijumaa

Jumanne, 3 Oktoba

"Hospitali ya Tokavai haina tatizo la majeraha ya kifua yanayopenya. Someni takwimu zao wenyewe: mikato ya ngozi, basi. Anayedai mabomba ya kifua ya kutolea damu na hewa anadai mapambo." Hivyo ndivyo alivyosema redioni asubuhi hii Bwana Runialo, mkurugenzi wa afya wa jimbo letu. Chai yangu ilipoa mkononi.

Redio haikunipa nafasi ya kumjibu, kwa hiyo namjibu hapa. Takwimu anazozisoma ninaziandika mimi. Ni mimi ninayekaa chumba cha kumbukumbu, dirisha likitazama mochwari, nikifungua jalada la kila mgonjwa aliyeruhusiwa na kuyageuza maneno ya daktari kuwa misimbo ambayo wakubwa wa Honiara, mji wetu mkuu, wanaijumlisha. Kitabu cha misimbo hakina mzaha na kifua. Kuna msimbo wa jeraha lililoishia kwenye nyama, na kuna mwingine wa jeraha lililopita mbavu na kuingia ndani. Kuna wa hewa iliyovuja kando ya pafu, wa damu, wa kitu kilichobaki mwilini. Halafu kuna msimbo wa chanzo: kisu, kuanguka, mnyama wa baharini. Lakini siruhusiwi kuweka hata mmoja ambao daktari hakuuandika. Akiandika "mkato kifuani, nyuzi mbili", naweka mkato kifuani, hata kama mgonjwa alitoka wodini akipumua kama mvukuto uliotoboka.

Kwa hiyo Bwana Runialo akisema hakuna, maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi ya kutosha kuzika watu.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Majalada ya malaria tu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua imekata, bahari imelala kama mafuta, na mwezi haupo. Ndio msimu wa mitumbwi kutoka usiku na taa kuvua.

Jalada la mwanamume wa ng'ambo ya ghuba, aliyeletwa juzi Jumamosi. "Ameangukia kisiki cha mkoko. Mkato mdogo kifuani, nyuzi mbili. Aruhusiwe." Ukurasa wa pili Sista Melva ameandika kwamba mgonjwa anakohoa damu. Maneno ya nesi peke yake hayanitoshi kisheria, kwa hiyo nilijaza karatasi ya kuuliza nikamfuata Dokta Fafale barazani, alikokuwa akitafuna popoo.

"Mama Nelma, karatasi tena? Wenzako huja na ndizi."

"Ndizi utapata ukijibu. Jeraha lilifika wapi?"

"Lilifika kifuani."

"Kifua kina nje na kina ndani, Daktari."

"Basi niulize kama liliingia ndani. Niseme ndiyo au hapana, nikalale."

"Hilo ndilo nisiloruhusiwa. Karatasi ya kuuliza haimtii daktari maneno mdomoni."

"Wewe?" Alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe uliyewatia maneno mdomoni wabunge wawili na askofu kwa barua zako za gazetini?"

Aliikunja karatasi akaiweka mfukoni mwa shati, pamoja na chokaa yake ya popoo.

Alhamisi, 19 Oktoba

Karatasi imerudi na doa jekundu la popoo. Jibu: "Kama ilivyoandikwa." Kijana huyu ametumwa kwetu kutoka kisiwa cha Malaita, na kila nikimwona nahisi ameshafunga sanduku. Mvivu. Nimeweka msimbo wa mkato wa ngozi na wa kuanguka, nikamtukana kimoyomoyo.

Jumatano, 1 Novemba

Kisiki kingine cha mkoko, mwanamume mwingine, upande wa kulia wa kifua safari hii. Naye aliletwa Jumamosi. Nimeuliza, nimejibiwa vilevile. Usiku huohuo nikamwandikia mhariri wa gazeti kurasa tatu juu ya madaktari wavivu na wakurugenzi viziwi. Nilijisikia vizuri sana.

Jumapili, 12 Novemba

Asheri yuko wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango.

Asheri ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Seremala, shemasi wa kanisa, na tarehe mbili Desemba wamepanga kumwekea mikono awe mzee wa kanisa. Mkewe, Delsi, alimleta jana mchana. "Ameangukia kisiki cha mkoko, wifi," aliniambia kabla sijauliza.

Jeraha liko chini ya titi la kushoto, dogo, ningeweza kulifunika kwa kidole gumba.

"Dada, usinitazame hivyo. Unanipima jeneza?"

"Nakupima akili. Ulifuata nini kwenye mikoko?"

"Nguzo za kanisa."

"Lini?"

"Alhamisi."

Delsi akainuka kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Ukakaa Ijumaa nzima unavuja damu?"

"Nilidhani ni kidogo. Wewe ni karani au polisi?"

"Polisi wana gari."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati, akashika ubavu. Magimbi ya nazi niliyompelekea hakuyagusa. Asheri hajawahi kukataa magimbi yangu tangu alipoota meno.

Jumatatu, 13 Novemba

Wamemruhusu na vidonge. Jalada likaja mezani kwangu: "Mkato wa ngozi, kifua, kushoto. Kuangukia kisiki." Mdogo wangu nikamgeuza kuwa misimbo miwili kwa mkono wangu, sawasawa na kitabu kinavyotaka. Karatasi ya kuuliza nimeituma pia. Nimeandika: tafadhali taja kina cha jeraha na chanzo chake. Nilitamani kuandika mengine.

Jumatano, 15 Novemba

Delsi alikuja jikoni kwangu mchana. Akavuta mbuzi ya nazi, akakalia, akaanza kukuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

"Wifi," alisema baada ya nazi ya pili, "si kisiki."

"Najua si kisiki."

"Hujui. Ni mkule."

Hapa kwetu hata mtoto anamjua mkule: samaki mwembamba kama mkuki, mdomo mrefu mgumu uliojaa meno, na akiona taa gizani hakimbii, anaruka juu ya maji na kuifuata moja kwa moja. Aliyeishika taa ndiye anayepigwa. Asheri aliishika mbele ya kifua.

"Alhamisi?" nilimuuliza.

Delsi akatikisa kichwa.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya jua kuzama. Saa ambayo sisi watu wa Sabato tumeshaipindua mitumbwi ufukweni, tumekoga, tumeketi kuimba, maana Sabato imeanza na kuvua ni mwiko. Mwamba wote mtupu, samaki hawasumbuliwi na mtu. Shemasi wangu alitaka samaki wa karamu ya kuwekewa mikono.

"Aliung'oa mdomo mwenyewe, kwenye mtumbwi. Ulitoka nusu."

"Nusu?"

"Ncha haikutoka, wifi. Nimetafuta kwenye mtumbwi, nimetafuta kwenye shati. Haipo."

"Na ukakaa kimya daktari akimshonea ndani?"

"Aliniapisha kwa watoto." Aliendelea kukuna mpaka akafika kwenye kifuu, na bado akakuna.

Alipoondoka nilikumbuka wale wawili wa Oktoba. Wote wawili watu wa Sabato, wote wawili waliletwa Jumamosi. Visiki vya ghuba yetu vina adabu sana: vinangoja jua la Ijumaa lizame ndipo vichome watu.

Alhamisi, 16 Novemba

Asheri amerudishwa. Homa kali. Hawezi kulala chali.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilimkuta peke yake asubuhi, ameketi ameegemea mito, midomo imemkauka.

"Delsi amesema," alinitangulia.

"Amesema. Sasa sema wewe. Mwambie daktari neno moja tu."

"Dada, unamkumbuka Yosia? Walimkuta na nyavu Ijumaa. Wakamketisha benchi la nyuma mwaka mzima. Wanawe wakawa wanaimbiwa njiani, 'baba yenu kamuuza Mungu kwa kolekole.' Unataka wanangu waimbiwe?"

"Nataka wanao wawe na baba."

"Baba wa kuonewa haya?"

"Baba anayepumua, Asheri! Nimchague yupi mwingine?"

"Baada ya tarehe mbili nitasema. Nakuahidi. Wakishaniwekea mikono."

Sikungoja. Nilikwenda kumwita Dokta Fafale, nikamwambia mkule, nikamwambia ncha imebaki ndani. Sheria yangu ya kutomtia daktari maneno mdomoni niliitupa dirishani. Alikuja mbio, hilo nalikiri. Lakini tulipofika kitandani tulimkuta Mzee Tivuru, mkuu wa wazee wa kanisa, amekalia kiti cha wageni na kofia yake magotini.

"Bwana Asheri," daktari alisema, "ni kitu gani kilikuchoma? Niambie kweli, maana dawa inategemea hilo."

Asheri alimtazama Mzee Tivuru. "Kisiki, Daktari."

"Muongo wewe!" nilipiga kelele, wodi nzima ikageuka.

"Nelma," Mzee Tivuru alisema kwa upole, "unamkemea mgonjwa? Mdogo wako mtu mzima. Shemasi."

"Mzee, kaa kando, hapa hatupigi kura. Delsi! Mwambie daktari."

Delsi alikuwa mlangoni na birika. Alitazama sakafu.

Daktari alinivuta barazani. "Mama Nelma, nifanye nini? Mashine ya eksirei imekufa tangu Agosti. Boti ya rufaa jimbo haliitoi kwa mkato wa ngozi. Nikiandika jeraha linalopenya wataniuliza nimejuaje, na mgonjwa mwenyewe, ana akili timamu, anasema kisiki na anasema jeraha halikuwa la kina. Naandika anachosema mgonjwa. Wewe unaweka msimbo wa ninachoandika mimi. Si ndiyo sheria unayotuhubiria kila siku?"

Kitu kibaya kuliko kupigwa ni kupigwa kwa fimbo yako mwenyewe. Alimbadilishia dawa, akamwekea oksijeni. Jua likazama, na kutoka kanisani nikasikia wanaanza kuimba.

Jumamosi, 18 Novemba

Sikwenda kanisani. Homa haijashuka.

Jumatatu, 20 Novemba

Delsi amesema. Saa nne asubuhi, mbele ya Sista Melva, wagonjwa wote na Mzee Tivuru na kofia yake.

Asheri alikuwa ameanza kuwa wa buluu kwenye kucha. Mzee Tivuru alikuwa akimwombea, mkono kichwani, anaomba taratibu, anaomba sana. Delsi akasema, "Mzee, nyamaza kwanza." Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia hivyo. "Daktari, ni mkule. Ijumaa usiku. Mdomo umebaki ndani, urefu wa kidole changu hiki. Niandikie jina langu, mimi ndiye nimesema."

Asheri alifumba macho. Sijui kama ni kwa aibu au kwa ahueni.

Dokta Fafale hakuuliza la pili. Alimchoma sindano ndefu kati ya mbavu na usaha ukaja, wa kijivu, wenye harufu iliyowatoa nje wagonjwa waliojiweza. Bomba la kifua hatuna, kwa kuwa takwimu zetu zinasema hatulihitaji. Alitumia mrija wa kutolea mkojo, akautia ndani, ncha ya nje akaizamisha kwenye chupa ya maji. Halafu akaketi kando ya kitanda, hana popoo mdomoni, akaandika: jeraha la kupenya kifua, kushoto, mdomo wa samaki ndani, usaha kuzunguka pafu. Nilisoma maneno hayo juu ya bega lake. Maneno niliyoyadai tangu Oktoba. Sikuona raha yoyote.

Nilimwita mvivu kijana huyu. Alikuwa akishona gizani, na waliozima taa ni sisi.

Jumanne, 21 Novemba

Jimbo limejibu kuhusu boti: "Rekodi ya kwanza inasema mkato wa ngozi, kuanguka. Ya pili inasema samaki. Fafanueni." Rekodi ya kwanza ndiyo ile niliyoituma mimi, misimbo miwili, safi kabisa. Tumeshinda siku nzima kwenye simu tukifafanua. Delsi amekaa sakafuni, ameshika chupa ili isianguke.

Jumatano, 22 Novemba

Boti imekuja. Bahari shwari. Asheri aliniambia, "Dada, usiwaandike gazetini." Nikamwambia anyamaze, atunze pumzi.

Alhamisi, 23 Novemba

Amefariki leo, kwenye hospitali kubwa, kabla hawajampasua.

Jumapili, 26 Novemba

Tumemzika.

Mzee Tivuru ndiye aliyesema maneno. Alikuwepo wodini siku Delsi aliposema, alisikia kwa masikio yake, na hata hivyo akasimama mbele ya jeneza akasema kwamba ndugu yetu Asheri aliangukia kisiki akikata nguzo za nyumba ya Bwana, akafa akitumika. Watu walilia. Walilia kwelikweli, hata mimi, kwa hasira. Delsi alikuwa na mtoto mchanga begani, na sikuweza kumwomba asimame tena. Alishasimama mara moja kwa ajili yetu wote.

Jua lilikuwa kali. Wanaume sita walilibeba jeneza kupanda mlima, na jasho liliyagandisha mashati meupe kwenye miili yao mpaka yakawa kama karatasi iliyolowa. Mimi nilitembea nyuma yao, halafu ubavuni mwao. Mmoja ana kovu la duara chini ya koo. Mmoja ana moja begani na moja juu ya mbavu. Wa nyuma kabisa alikuwa yule wa Oktoba aliyekohoa damu, anapumua kwa kukoroma, anapumzika kila baada ya hatua chache.

"Hilo la kooni ni nini?" nilimuuliza wa kwanza kaburini.

"Kisiki, dada," alijibu, bila hata kupepesa macho, na koleo mkononi.

Jumatano, 29 Novemba

Cheti cha kifo kimekuja: nimonia. Hakuna jeraha, hakuna samaki. Karatasi ya rufaa ya Dokta Fafale ilipotea njiani, au ilisomwa na mtu aliyechoka. Cheti hicho kikiachwa hivyo, Asheri ataingia kwenye hesabu pamoja na vikongwe waliokufa kwa kikohozi cha mvua.

Mzee Tivuru amenitembelea na kikapu cha viazi vitamu.

"Nelma, iache nimonia ipumzike. Marehemu kazikwa vizuri. Ukibadilisha, itabidi baraza la kanisa limjadili."

"Mtamjadili maiti?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Mzee, ulimsikia Delsi."

"Nilimsikia mwanamke mwenye uchungu."

Nilimrudishia viazi vyake. Si kwa heshima.

Jioni nikakaa kumwandikia Bwana Runialo. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari, nzuri, ya kumchuna ngozi. Nikaifuta. Yule bwana ni mtu wa ofisi, hajawahi kushika mkono wa mgonjwa, na nitapambana naye mpaka mmoja wetu astaafu. Lakini siku ile redioni hakudanganya. Alisoma tulichompa. Sisi ndio tuliompa uongo, tukaupiga pasi, tukaufunga vizuri, tukautuma, kisha tukamlaumu kwa kuuamini. Kila shemasi aliyesema kisiki aliiondolea hospitali hii bomba moja la kifua. Asheri alikosa bomba kwa sababu ya wale wawili wa Oktoba na wenzao wa miaka yote. Na wao walikuwa wakimwogopa Mzee mwenye kofia magotini.

Jumanne, 5 Desemba

Dokta Fafale ameandika hospitali kubwa kuomba cheti kirekebishwe. Hakuombwa na mtu. Ameniletea nakala, na ndizi.

Delsi ameniruhusu. Kurasa hizi nitazing'oa kesho asubuhi nizibandike kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, juu ya ratiba ya kwaya. Kwa hiyo kuanzia hapa siandiki tena peke yangu, nawaambia ninyi.

Wanaume mliolibeba jeneza la mdogo wangu: wote sita, na wengine mnaojijua, njooni Jumatatu kwa Dokta Fafale. Fungueni vifungo vya mashati. Mwambieni ni mkule, na mwambieni ni usiku wa siku gani. Yeye ataandika, mimi nitaweka msimbo, na Bwana Runialo atalazimika kusoma. Wewe unayekoroma, usingoje Jumatatu. Njoo leo. Huenda na wewe unatembea na ncha ndani.

Na wewe, Mzee Tivuru. Ijumaa hii mwezi ni mwembamba na maji yametulia, na unajua kama nijuavyo mimi kwamba watatoka, hata uimbishe nyimbo ngapi. Kabla jua halijazama, piga kengele, uwasimamishe watu, useme kwa sauti ileile uliyoitumia kaburini: Asheri aliuawa na mkule Ijumaa usiku, na yeyote atakayechomwa na aseme mkule, na hatajadiliwa na baraza, wala hataketishwa nyuma, wala watoto wake hawataimbiwa. Sema hivyo, Mzee. Sema kabla hawajawasha taa.